Tawi Bichi Kwenye Njia ya Ziwa

Utoto wangu niliutembeza kwa miguu juu ya kilima cha Makindye, enzi zile za serikali ya wanajeshi, watu walipochukuliwa usiku wasirudi, mimi na kaka yangu Drani. Kila Jumamosi tulichagua njia kama wanawake wanavyochagua nyanya sokoni. Drani alitaka yenye mawe ya kurukia, na juu kabisa lionekane ziwa. Mimi, mlafi tangu hapo, nilitaka mapera na kivuli. Bibi yetu, aliyetoka Arua kuja kutulea, alikuwa na sharti moja tu: ukikuta tawi bichi limelazwa njiani, geuka. Kwao tawi hufunga njia, na lisipolazwa na walio hai, alisema, limelazwa na wafu.

Siku moja tulilikuta kwenye njia nzuri kuliko zote, ile ya ziwa. Hata ndege walikuwa kimya.

"Drani, turudi. Bibi alikataza."

"Wewe naogopa majani?" Akaliruka.

Nilibaki nyuma ya tawi nikilia, nikijua nimempoteza kaka yangu. Aliporudi alitembea polepole, midomo imemkauka.

"Iko viatu," alisema. "Viatu mingi. Watu hakuna."

Bibi hakumpiga. Alimwosha miguu kwa maji ya majivu, akimsihi mtu nisiyemwona amwachie mtoto. Baba, aliyekuwa askari polisi, alisikiliza mlangoni na sare yake mwilini. "Hamukuona kitu," alisema, akatoka nje. Hakula siku hiyo.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema watu. Kaka yangu alivunjika usingizi. Kwa miezi mingi alisikia miguu mitupu ikipanda kilima.

Nimezeeka, na bado najiuliza nani alilaza lile tawi. Wanajeshi hawakuhitaji matawi, bunduki ziliwatosha. Kama ni mtu, aliiweka roho yake rehani kwa ajili ya watoto wa wenzake. Kama ni wafu, basi katika mateso yao yote walitukumbuka sisi. Namshukuru yeyote yule, na bado namwogopa.

Drani sasa ni babu. Juzi nilimuuliza, kwa mara ya kwanza, kama viatu vile vilikuwa vya wanajeshi.

"Iko moja ya mtoto," alisema.