Ndege ya Musembi Iliyoanzia Ndani ya Udongo

Afande Musembi ni mpangaji wangu. Ni mtu wa Makueni, polisi hapa Nyeri mjini, umri wa miaka thelathini na nane, hana kelele. Alitaka kuwa rubani. Walimkataa kwa sababu ya jicho la kushoto, akavaa kofia ya polisi. Hayo aliniambia siku moja tu.

Siku zake za kupumzika hukaa mbele ya kompyuta akirusha ndege za mchezo. Mke wangu Nduta aliaga dunia mwezi wa tatu. Nyumba yangu imenyamaza sana. Kwa hivyo mimi huenda kwa Musembi na kikombe changu cha chai, nikauliza maswali. Yeye hujibu bila kugeuka.

Wiki moja Musembi hakuwa na raha. Kuna kikundi cha watu wanaorusha ndege pamoja kila Jumapili, kila mtu na kompyuta yake kwake, sauti zao zinasikika kwa spika. Mkubwa wao ni Shiro, fundi wa simu hapa mjini. Mtu mpya haingii hadi atengeneze safari yake mwenyewe kwenye mchezo, wenzake waifuate, ndege hata moja ifike mwisho. Ikikwama, atangoja mwaka mzima. Zamu ya Musembi ilikuwa Jumapili hiyo.

"Kwani safari hutengenezwa?" nikamuuliza.

"Hutengenezwa, mzee. Ona."

Akafungua ramani. Mlima Kenya ulikuwa pale, na barabara ya Nanyuki. Unachagua ndege, unaiweka mahali. Kiwanja chetu cha ndege hakimo kwenye mchezo, kwa hivyo ndege inaanzia hewani, na wewe unaandika iwe juu futi ngapi. Halafu unaweka vituo, kimoja baada ya kingine. Mwisho unachora duara. Ndege ikiingia kwa duara, maandishi yanatokea kusema kazi imekwisha.

"Na inabeba nini?"

"Bado sijajua."

"Beba dawa. Peleka Endarasha."

Nduta tulimzika shambani kwetu Endarasha. Musembi alikuwa kwenye mazishi. Alichora duara pale.

Alimaliza Jumamosi asubuhi. Akabonyeza. Moto ukajaa kwenye skrini, ndege ikawa vipande.

"Imegongwa na nani?" nikauliza.

"Hakuna mtu, mzee. Haijaenda hata hatua moja."

Akabadilisha ndege. Moto. Akapunguza mzigo. Moto. Akatoa vituo vyote, ikabaki ndege peke yake. Moto. Kufikia saa sita, kola yake ilikuwa imelowa jasho.

"Wacha nimpigie Shiro nimwambie nimeshindwa."

"Ngoja kwanza. Nani alikufundisha?"

Alikuwa amefuata video ya mzungu mmoja. Mzungu alisema anayeanza aweke ndege futi elfu tatu, hapo hatagonga kitu.

"Elfu tatu kutoka wapi?"

"Kutoka..." Akatazama skrini. "Kutoka baharini, nafikiri."

"Na huyo mzungu anarukia wapi?"

"Kisiwani. Kuna maji kila upande."

Zamani nilikuwa kibarua wa reli. Nilipaka rangi kibao cha stesheni ya Kiganjo, hapa karibu na mji. Chini ya jina kulikuwa na nambari, na nilimuuliza msimamizi ni ya nini. Akasema ni futi kutoka bahari hadi hapo nilipokanyaga. Nambari hiyo ilianza na tano, na ilikuwa ya maelfu.

"Afande, Kiganjo iko juu elfu tano na kitu. Wewe umeweka ndege elfu tatu."

Aligeuka, akanitazama.

"Ati nimeizika?"

"Umeizika na rubani ndani."

Akacheka mpaka akashika meza. Mimi pia nikacheka. Nilishangaa kusikia sauti yangu.

Akaandika elfu tisa. Akabonyeza. Ndege ikakaa hewani, ikanguruma.

Jumapili saa tisa waliruka wanne. Mmoja wao alikuwa Theuri, mwenye duka Kenol. Huyo alipiga domo akasahau kugeuka, akagonga milima ya Nyandarua.

"Hii mlima imetoka wapi?" akalia kwa spika.

"Imekuwa hapo tangu uzaliwe, Theuri," Shiro akamjibu. "Kaa chini utazame wenzako."

Wawili walipotea kwa mawingu. Akabaki Shiro peke yake, akielekea kwa duara. Musembi alisogea karibu na skrini. Ndege ikaingia. Hakuna maandishi. Ikafika katikati, bado.

Halafu maandishi yakatokea: Dawa zimefika Endarasha.

"Sawa, Musembi," Shiro akasema. "Duara yako ni ndogo, uipanue. Lakini imefika. Jumapili ijayo uko na sisi."

Musembi akasema asante. Akavua miwani, akaipangusa kwa shati kwa muda mrefu.

Mimi nilikuwa natazama Endarasha. Kulikuwa na nyasi, na miti inayofanana. Hakukuwa na kanisa, wala shamba letu, wala mtu.

"Musembi, mtu anaweza kuongeza kanisa hapo?"

"Anaweza, mzee. Kuna orodha ya nyumba, unachagua, unaiweka."

"Na ua wa miti?"

"Hata ua."

Akasogea upande, akanipa nafasi mbele ya ramani.

"Nionyeshe," akasema. "Kanisa lilikuwa upande gani wa barabara?"