Nilifungua biblioteki ya watoto Kalemie, watu wakaja kulia kilio

Wakuu, salamu kwenu wote, pamoja na nyie mnaosoma kimya kimya halafu mnaondoka bila hata like.

Niko Kalemie, ng'ambo ya ziwa ukitazama kutoka Kigoma. Kiswahili changu njo hiki, yaani ndicho hiki, kimechanganyika na Kifaransa cha shule, kwa hiyo mwalimu wa sarufi aliye humu apumzike kidogo.

Haya ninayoyasimulia yamenipata mimi mwenyewe. Mashahidi wapo wengi, na wengine walikunywa uji wangu.

Mimi ni mwalimu wa materneli. Nafundisha watoto wadogo kabla hawajaingia darasa la kwanza. Kazi yangu ni nyimbo, makamasi, na kutenganisha wanaong'atana.

Sasa kwenye parokia yetu kuna chumba kinaitwa biblioteki, nyie mnasema maktaba. Humo ndani kulikuwa na kabati la kioo, lina kofuli, na ufunguo anao Papa Prezida. Vitabu vya watoto vilikuwa ndani ya kabati, vizuri kabisa, vya picha, tulipewa msaada. Havikuguswa hata siku moja ili visichafuke. Mtoto alikuwa anavitazama kupitia kioo kama anavyotazama keki ya arusi ya watu wengine.

Huyo Papa Prezida njo mkubwa wa kamati ya parokia. Ana viti vya plastiki anavyokodisha kwenye arusi na kwenye vilio. Kilio ni kile nyie Watanzania mnaita msiba.

Kila kiti amekiandika nyuma kwa rangi nyekundu, PAPA PREZIDA, maana huku kwetu kiti kisicho na jina kinahama mtaa. Na herufi P yake ina kamkia kanakojikunja chini. Anajivunia sana kale kamkia.

Viti vilikuwa vinalala humo humo biblioteki. Mpango wake ulikuwa chumba chote kiwe depo, stoo ya viti vyake.

Mimi nikaenda kwa Padri kulalamika. Padri wetu ni mtu wa maneno machache. Akaniambia, "Mama Mwalimu, nakupa vakansi hizi, mpaka shule ifunguliwe. Watoto wakija, na wakivishika vile vitabu, chumba ni chao. Wasipokuja, Papa Prezida achukue, na wewe usinirudie."

Nikasema sawa. Nikachukua ufunguo wa kabati mbele ya Papa Prezida, na uso wake ulikuwa kama mtu aliyekula limao.

Wakuu, wiki za kwanza zilikuwa aibu tupu.

Niliweka meza na mabenchi, nikapanga vitabu juu ya meza. Watoto wachache wakaja, wameogeshwa, wamepakwa mafuta mpaka wanateleza. Wakakaa. Wakakunja mikono kifuani. Wakaningojea.

Nawaambia chukueni vitabu, wanatazamana. Ni watoto walewale ambao dakika chache kabla walikuwa wanapanda ukuta wa parokia. Ila wamefundishwa kwamba penye kitabu pana fimbo karibu.

Mmoja aliitwa Mapendo. Ni mjukuu wa Mama Feza, yule mama anayeuza vitumbua karibu na kanisa. Mapendo alikuwa darasani kwangu mwaka mzima na sikuwahi kusikia sauti yake. Nikimuuliza kitu ananitazama tu, kama mimi ndiye nina tatizo.

Siku zilivyokwenda wakapungua. Papa Prezida akaanza kupita na mita, anapima ukuta huku anaimba.

Basi nikaingia mtandaoni kutafuta biblioteki za watoto za wenzetu zinafananaje. Nikaona picha. Hakuna meza. Watoto wako chini kwenye mito, rafu ziko chini usawa wa kiuno chao, kuna vibanda vya kujifichia, kuna duka la kuchezea, kuna jiko la kuchezea. Mtoto anacheza, na maandishi yako humo humo kwenye mchezo wake. Nilijisikia mjinga, maana njo kitu tulichofundishwa chuoni na mimi nikakisahau kwenye mtihani wa mwisho.

Nikaamua kubomoa kila kitu.

Meza nikatoa. Viti vya Papa Prezida vyote nikatoa, nikavipanga uani mistari mistari. Jua la kiangazi lilikuwa kali na nikaogopa plastiki itapasuka anidai, kwa hiyo nikafunga turubai juu yake.

Ndani nikatandika mikeka na magodoro niliyoazima. Vitabu nikaviweka chini, kwenye makreti. Mlangoni nikakata matawi ya michikichi nikayasimamisha huku na huku, yakainama katikati, yakawa kama tundu la mtoto kuingia kwa kutambaa.

Halafu nikabandika sufuria kubwa ya uji pale uani, maana watoto hawaji bure.

Tangazo la kuwaita watoto nilikuwa nimempa Papa Prezida alisome mwisho wa misa ya Jumapili iliyotangulia. Alisoma mambo ya ndoa, akasoma mambo ya simenti, la kwangu akalisahau. Anasema alilisahau.

Nyie mnaotoka kwetu mmeshaona nilichokifanya. Kwa wengine, ngojeni niwaeleze.

Huku kwetu mtu akifa, viti vinatolewa nje, vinapangwa chini ya turubai, wanaume wanakaa hapo. Ndani vyombo vyote vinaondolewa na wamama wanakaa chini kwenye mikeka na magodoro. Matawi ya mchikichi yanawekwa mlangoni, wapita njia wajue. Na sufuria kubwa inakuwa motoni.

Mimi, na diploma yangu, nilikuwa nimetengeneza kilio kamili. Kilikosa maiti tu.

Jumamosi asubuhi niko ndani napanga mito, nikasikia mtu anatoka barabarani analia. Alikuwa Mama Feza, na kitenge amefunga kiunoni, mikono kichwani, nyuma yake Mapendo. Akaingia, akaanguka kwenye godoro langu, akalia vizuri, kwa ufundi, mpaka mimi mwenyewe machozi yakaanza kunilengalenga.

Halafu akanivuta sikio, akaninong'oneza, "Ni nani alikufa?"

Kabla sijajibu wakaingia wengine, kundi zima, na watoto mgongoni na watoto mkononi. Mwimbaji mmoja wa kwaya akaanzisha wimbo wa marehemu. Nje wapapa walishakaa kwenye viti, wamevua kofia, wanaulizana kwa upole kama ni Padri.

Nikasimama juu ya kreti. Nikasema, "Mama zangu, hakuna aliyekufa. Hii ni biblioteki ya watoto."

Kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti.

Mama Feza akajifuta uso. Akasema, "Basi miye nililia bure?"

Nikasema pole, Mama.

"Na ule uji?"

Nikasema uji ni wa watoto, lakini upo mwingi.

"Basi miye nimekwisha kukaa," akasema, akanyoosha miguu. Na wengine wote wakanyoosha miguu.

Wakuu, nilikuwa na hasira na aibu mpaka masikio yanawaka moto. Nikataka kuwafukuza. Kilichonizuia ni kelele za watoto.

Hebu fikirieni. Kwenye kilio hakuna anayemwambia mtoto kaa vizuri, kunja mikono. Wakubwa wanalia na mambo yao, watoto wanaachwa huru. Na watoto wale walijua wako kwenye kilio. Kwa hiyo walikuwa wanatambaa kwenye matawi, wanaruka kwenye magodoro, wanamwaga makreti.

Mmoja alikuwa amelala chali na kitabu juu ya uso. Wawili wanagombania picha ya kiboko. Mtoto mwingine alikuwa amempelekea bibi yake kitabu, na bibi, kwa kuwa ameshakaa na kilio hakiondokwi haraka, akaanza kumweleza picha moja baada ya nyingine. Herufi hajui, lakini mamba anamjua kuliko aliyemchora.

Sikufukuza mtu. Nikaenda kukoroga uji.

Jumatatu wakarudi. Mtaani wakubwa walikuwa wanaambiana, "Naenda kwa kilio cha Mama Mwalimu," na wanacheka. Mimi nikaacha wacheke, na mikeka ikabaki pale pale.

Sasa watoto wanacheza wanachokiona. Wa wenzetu wana duka la kuchezea. Wa kwangu, mwanasesere wa nguo akafa.

Nawaambia ukweli, walimzika yule mwanasesere kila siku. Na kilio kina kazi nyingi. Kuna wa kulia, kuna wa kupika, kuna wa kuchimba. Lazima jina liandikwe kwenye msalaba, kwa hiyo walinijia mbio kutaka kalamu. Na lazima komunike, yaani tangazo la kifo, isomwe redioni, maana huku mtu hajafa vizuri mpaka redio iseme na kutaja ndugu wote wa mbali.

Aliyejipa kazi ya redio alikuwa Mapendo.

Siku ya kwanza niliposikia ile sauti niligeuka nikidhani ni mtoto mgeni. Amesimama juu ya kreti, mkononi gunzi la mahindi njo mikro yake, mkono mwingine karatasi yenye mistari mistari tu, na anasoma. Nilitoka nje nikalia kidogo nyuma ya jiko. Mwaka mzima, wakuu.

Papa Prezida naye hakulala. Alikwenda kwa Padri akasema mimi nawafundisha watoto kuita kifo, na kwamba viti vyake vinaungua jua. Siku za mwisho za vakansi wakaja wote wawili kukagua. Papa Prezida alikuwa ameshabeba kofuli mpya.

Nilijua likisikika neno kilio mbele ya Padri, chumba kimekwenda. Nikakimbilia ndani niwaambie watoto wacheze kitu kingine, hata mpira.

Nilichelewa. Mapendo alishapanda kreti.

"Alo, alo. Komunike. Familia ya Papa Prezida iko na huzuni mingi. Inajulisha ndugu wa Moba, wa Nyunzu, wa Kabalo, na shangazi wa Bendera, kwamba Papa Prezida alikufa leo asubuhi. Kilio kiko hapa. Uji uko."

Na watoto wote wakaangua kilio.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Padri alivua miwani akaanza kuifuta, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Papa Prezida amesimama mlangoni katikati ya matawi, kofuli mkononi.

Mwisho akauliza, "Nilikufa na nini?"

Mapendo akatazama karatasi yake. "Viti vilikuangukia."

"Lete hiyo karatasi."

Mtoto akampa bila woga wowote. Mimi nikachungulia juu ya bega la mzee. Chini ilikuwa mistari ya kuchorachora. Juu, kwa kalamu nyekundu, herufi zimeyumba lakini zote zipo: PAPA PREZIDA. Na kila P ina kamkia kanakojikunja chini.

Papa Prezida akaisogeza ile karatasi karibu na macho. Akasema polepole, "Hii njo mwandiko yangu." Akanigeukia mimi. "Ulimufundisha kuandika jina yangu?"

Nikasema hapana, Papa, sikumfundisha.

Akamuuliza mtoto, "Nani alikufundisha?"

"Weye," Mapendo akasema. "Kwa viti."

Na kweli. Alikuwa anakaa uani anafuata zile herufi kwa kidole, kiti kwa kiti, na mimi nilidhani anachezea vumbi.

Papa Prezida aligeuka akavitazama viti vyake uani. Akauliza, na sauti haikuwa ya kamati tena, "Na kilio yangu itakuwa mpaka lini?"

Mapendo akachukua karatasi yake, akaitazama vizuri. "Kila siku."

Mzee akatia kofuli mfukoni. Akavua viatu, akainama, akaingia kwa kutambaa kwenye matawi kama wengine. Alikwama kidogo kwa sababu ya tumbo, Padri akamsukuma.

Nilichojifunza, kwa faida ya mwalimu au mzazi aliye humu. Mtoto mdogo hasomi kwa sababu umemkalisha. Toa kofuli, shusha vitabu vifike magotini, acha aviangushe. Na usidharau mchezo wake, hata kama amekuzika wewe. Angalia vizuri anatazama nini, maana wangu walikuwa wanasoma viti na mimi nina diploma.

Haya, uwanja ni wenu. Kwenu watoto wanachezea wapi vitabu, au bado viko kwenye kabati la kioo? Semeni bila kuogopa, na wenye matusi yapunguzeni, kuna Padri anasoma uzi huu.

Viti bado viko uani chini ya turubai. Chumba ni cha watoto. Na kila wiki hakosekani mgeni anayeona yale matawi mlangoni, anavua kofia, anauliza kwa upole nani amekufa.

Tunamwambia ni Papa Prezida. Yuko ndani anawasomea watoto kitabu cha kiboko, kaa hapo kwenye kiti umngoje amalize.