Makaa Chini ya Jiwe la Mpaka

Makaa yaliyokaa ardhini miaka mingi hayanuki moshi. Yananuka udongo baridi na kutu kidogo, kama shimo lililochimbwa asubuhi hii. Nilikuwa nimeisahau harufu hiyo, au nilijifanya nimeisahau, mpaka mwaka huu nilipoinama juu ya sinia la bati katika mahakama ya zamani ya kaunti moja ya mashambani, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwetu Bladensburg, huku Maryland. Mjukuu wangu Tabitha alinishika mkono akidhani naanguka.

Tabitha ana miaka kumi na miwili. Shuleni walimpa kazi ya kuandika jinsi kaunti fulani ilivyoanza, na kwa nini makao yake makuu yakawekwa pale yalipo. Alichagua kaunti hiyo kwa sababu ina farasi wengi. Mama yake alikuwa zamu hospitalini, basi nikaendesha mimi, polepole, magari yote ya barabara ya mzunguko yakinipita kwa hasira.

Aliyetupokea alikuwa mama mzungu wa rika langu, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba. Alitueleza kwamba mwanzoni kaunti haikuwa na mji. Kesi zilisikilizwa katika nyumba ya wageni penye njia panda, hakimu akikaa mbele na walevi nyuma. Kisha vijiji viwili vikagombania mahakama, maana penye mahakama ndipo ingefika barabara, na maduka, na shule. Mkulima mmoja akajitolea kiwanja. Jirani yake akasema nusu ya kiwanja hicho ni yake. Karatasi za kuaminika hazikuwapo, kwa hiyo akaitwa mtu mwenye mvi ambaye alipokuwa mtoto alipelekwa kushuhudia jiwe la mpaka likizikwa. Chini ya jiwe walikuwa wametia makaa, kwa kuwa makaa hayaozi. Yule mtu alitembea, akasimama, akasema chimbeni hapa. Makaa yakaonekana, yule mkulima akaumbuka, na mahakama ikajengwa ng'ambo ya barabara, hapo hapo tuliposimama.

Mama yule akafunua sinia ili watoto waguse vipande vilivyobaki.

"Babu, wewe uko sawa?" Tabitha aliniuliza. Mtoto huyu husikia Kiswahili chote lakini hunijibu kwa Kiingereza siku zote. Alipotumia Kiswahili nilijua uso wangu umeharibika.

Nikamwambia niko sawa. Huo ulikuwa uongo mdogo. Mkubwa niliusema nikiwa na miaka kumi, nami nataka kuueleza hapa wote, bila kujipunguzia.

Nilizaliwa Kenya, bara, kwenye kilima chenye mteremko mkali kiasi kwamba boga likikuponyoka unalifuata mpaka mtoni. Mahali pamoja tu palikuwa tambarare, napo palikuwa shamba la jirani yetu. Jirani huyo alipofariki, mjane wake, Mama Eliya, alibaki na mwanawe mmoja wa miaka mitano. Babu yangu aliogopa kwamba yeye naye akiondoka, watu watamega shamba la mjane kidogo kidogo, na aliwajua watu hao kwa sababu baadhi yao walikula mezani kwake. Basi akaita wazee wawili, wakachimba shimo la urefu wa mkono penye mpaka wetu na wake. Mimi, niliyekuwa na miaka minane, nilitumwa kuleta makaa kutoka jikoni. Niliyabeba ndani ya shati, na mama yangu alinisema siku tatu kwa ajili ya shati hilo. Yalimwagwa shimoni, juu yake kukawekwa nusu ya jiwe la kusagia lililokuwa limevunjika.

Kisha wakatuketisha juu ya jiwe, mimi na Eliya, mgongo kwa mgongo. Kila mmoja akapewa kipande cha maini ya mbuzi, cha moto, chenye chumvi ya mawe. Ndivyo ilivyofanywa kwetu: mtoto atawazika wazee wote, kwa hiyo yeye ndiye anayekabidhiwa mpaka, na maini ni ya kumfanya asisahau. Mimi nilielekea mto. Babu akaniuliza naona nini. Nikamwambia naona vilima viwili vinakutana, na katikati yake lile jiwe kubwa la mtoni ambapo akina mama hufulia. Akaniambia nisogeze kichwa kushoto, jiwe likapotea. Kulia, likapotea tena. Pale tu nilipoketi ndipo lilipoonekana zima.

Eliya alielekea kanisa. Alipoulizwa anaona nini alisema anaona kuku. Wazee walicheka mpaka mmoja akakohoa. Babu hakucheka, alingoja kuku apite zake, kisha akauliza tena. Eliya akasema anaona kona ya kanisa na mlango wake.

"Kila mmoja ana nusu yake," Babu alisema. "Siku mkiulizwa, semeni mlichokiona."

Nilikuwa nawaza kama kuna maini yaliyobaki.

Babu alifariki mwaka uliofuata, na wale wazee wawili wakamfuata upesi. Ndipo serikali ikatafuta kiwanja cha ofisi mpya ya chifu. Kilima chetu kiliitaka, kilima cha ng'ambo ya mto kiliitaka, na kila jioni watu wazima hawakuzungumza jambo jingine. Ofisi ikija, walisema, shule itakuja, na zahanati, na soko la Alhamisi. Baba yangu akatangaza kwamba atatoa ardhi yake bure. Watu walimpigia makofi. Lakini ardhi yetu ilikuwa mteremko mtupu, na ofisi haijengwi mteremkoni.

Msimu wa kulima, jiwe la mpaka halikuwapo tena. Nililiona nyuma ya zizi letu, limegeuzwa, kuku wakinywa maji katika kishimo chake. Jioni moja Baba alinikuta nikikata majani ya ng'ombe, akaniambia, bila kunitazama, kwamba shule ikijengwa ng'ambo nitavuka mto kila siku, hata mvua ikifurika. Akasema pia kwamba mtoto akisahau jambo hakuna wa kumlaumu. Kisha akaniuliza navaa kiatu cha ukubwa gani. Mimi sikuwa nimevaa kiatu maishani.

Siku ya baraza alikuja mkuu wa tarafa pamoja na mpima ardhi aliyebeba mnyororo wa chuma. Mama Eliya alikuja na mwanawe, amemwogesha, amemfunga vifungo vya shati mpaka shingoni. Alisema maneno machache: jiwe limeng'olewa, lakini watoto wapo, waulizwe. Eliya, mwenye miaka saba, alitembea akasimama mahali, akasema hapa ndipo nilipoona kona ya kanisa na mlango. Mkuu wa tarafa hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kwa upole kwamba kanisa linaonekana kutoka kila shamba. Akanigeukia.

"Na wewe kijana, uliona nini?"

Ingenitosha kwenda kusimama alipo Eliya, nigeuke, niseme jiwe la mtoni liko pale. Nilimtazama Baba. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Sikumbuki," nikasema.

Mama Eliya hakupiga kelele. "Yohana," alisema, "maini uliyala."

Watu walicheka, wakadhani mama wa watu anagombania chakula. Mnyororo ukavutwa, na mstari ukapita hatua chache kutoka mlango wake. Kabla ya mvua kubwa alihamia na mwanawe kwa kaka yake, mbali sana chini kwenye joto, mahali pasipo na shule ya karibu. Eliya aliishia darasa la tatu. Kwetu shule ilijengwa kweli, mita chache kutoka ofisi ya chifu, na humo nikaanza safari ya masomo iliyonifikisha kidato cha nne na baadaye huku. Viatu nilivipata. Nilivivaa mpaka vidole vikatoka.

Hapa Maryland nimefanya kazi miaka mingi ya kutunza wazee ambao akili zimewapotea. Nilipowauliza majina ya watoto wao, walinijibu kwamba hawakumbuki. Niliwashika mikono na kuona aibu, kwa sababu wao walisema kweli.

Mwaka jana ofisi ya chifu ilihamishiwa penye lami. Kiwanja kimebaki kitupu, na kamati ya ardhi inataka kujua kilikuwa cha nani. Watoto wa marehemu kaka yangu wanasema ni cha babu yao, yaani baba yangu. Walikuwa wamenipigia simu mara nne wakitaka niandike hivyo, maana mimi ndiye mkubwa kati ya wawili tulioketi juu ya jiwe. Kila mara nilijibu kwamba nitafikiri. Siku ile, njiani kutoka mahakamani, nilimweleza Tabitha habari yote. Tulipofika kwenye taa za mwisho kabla ya nyumbani akaniuliza, kwa Kiingereza chake, Eliya ana simu au hana.

Namba niliipata kwa watu wa kanisa la kwetu. Jumamosi iliyofuata, kwetu asubuhi na kwao alasiri, Eliya, aliyekuwa amesafiri kutoka kule kwenye joto, alisimama kwenye kile kiwanja akiwa na mwanawe mwenye jembe. Tabitha alinishikia simu. Sauti ya Eliya ilikuwa ya mzee, nayo haikunisalimu kwa furaha.

"Haya, Yohana. Sema."

Nikamwambia aelekee mto, asogee taratibu kushoto. Akasema haoni kitu ila miti. Nikamwambia aendelee. Akasema anaona nusu ya jiwe. Nikamwambia nusu haitoshi.

"Naliona lote," alisema mwishowe.

"Sasa geuka hapo hapo, usihame."

Akageuka. "Kona ya kanisa na mlango," akasema. Kisha, bila kucheka, "Kuku hayupo."

Tulisikiliza jembe. Lilikuwa likiingia kwa sauti laini, tena na tena, mpaka nikaanza kuhofia kwamba Baba alichimba na makaa pia. Kisha likanyamaza.

"Ni meusi," Eliya alisema.

Kisha akaendelea. "Mama alikufa akisema ulikumbuka. Mimi nilimbishia. Nilisema mtoto wa miaka kumi husahau."

"Nilikumbuka, Eliya. Siku ile na kila siku."

Alinisikia, akanitakia siku njema, akakata. Hakusema amenisamehe, nami sikumwomba aseme hivyo kwenye simu. Nitaenda mwenyewe mvua zikiisha, magoti yakinikubali au yakikataa.

Nilipokuwa mtoto nilidhani Babu alitugawia nusu nusu ili tusilemewe na mengi ya kukumbuka. Sasa najua alikuwa anamlinda Eliya dhidi ya nyumba yetu. Alijua mwanawe, baba yangu, ni mtu wa namna gani, kwa hiyo nusu ya ushahidi wa shamba la mjane aliiweka ndani ya mtu wa nyumba hiyo hiyo, mdogo, ambaye aliamini bado hajaharibika. Alikosea kwa mtu aliyemchagua. Mahali penyewe hakukosea.

Barua ya kamati nimeimaliza leo. Watoto wa kaka yangu wamepata habari, hawanipigii tena, na mmoja ametuma ujumbe kwamba mimi si mtu wa kwao. Nimewaandikia kwamba naipeleka hata hivyo. Tabitha aliketi karibu nami mezani akimalizia kazi yake ya shule, akaniuliza barua ya namna hiyo huanzaje. Nilimsogezea karatasi asome mwenyewe, kwa sauti. Aliusoma polepole, kwa Kiswahili, mstari wa kwanza, ambao una neno moja tu: Nakumbuka.