Kadi Yenye Doa la Chai

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika mapema mno, mlinzi hajafungua hata geti dogo. Ilikuwa Ilomba, Mbeya, mwezi wa kwanza. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na viatu vyangu vya shule, ambavyo sasa vilikuwa viatu vya kazi, vilijaa tope. Mlinzi akaniuliza, "Mwanafunzi, sare yako iko wapi?" Nikamwambia mimi ni mwalimu mpya. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Nawaandikia nyinyi wadogo zangu mtakaomaliza kidato cha nne na kuambiwa, kama nilivyoambiwa mimi, "Usikae tu nyumbani, katafute pa kujishikiza." Kazi yangu ilianza na mvua ikaisha na baridi ya mwezi wa sita, nilipopangiwa kidato cha tano. Nasema nimestaafu. Najua ni neno la wazee, lakini niliajiriwa, nilikosea, nilihama, nikaondoka, na yote nimeyaandika kwenye daftari langu. Sioni neno jingine.

Mwalimu Mkuu alikuwa mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni. Alinipa chaki nusu boksi na karatasi yenye herufi mbili mbili: ar, er, ir, or, ur.

"Mwalimu wao amejifungua," alisema. "Wewe utawashika hawa wa awali. 'Cat' wanasoma, 'dog' wanasoma. Hapa ndipo wanapokwama. Siku ya wazazi nataka wasome. Umenielewa?"

"Shikamoo," nikajibu. Nilikuwa nimeshamwamkia.

Niwaeleze ugumu wenyewe. Kwa Kiswahili irabu ni waaminifu, a ni a popote utakapoikuta. Kiingereza kina mambo yake. Herufi r ikikaa nyuma ya irabu inaibadilisha sauti, kwa hiyo a ya "car" si ile ya "cat". Balaa zaidi ni er, ir na ur, zinazoandikwa tofauti na kusomwa sawa: "her", "bird", "turn". Kitabu cha mwalimu kinaziita irabu zinazotawaliwa na r. Mimi sikuwahi kufundishwa hayo. Nilikariri tu, nikafaulu.

Aliyenisimamia kila siku alikuwa Mratibu wa Taaluma. Ndiye aliyekagua maandalio ya somo, yaani daftari ambalo mwalimu anaandika atakachofundisha kabla hajaingia darasani. Alipenda kusimama mlangoni nyuma yangu bila kubisha hodi. Nikimhisi tu, sauti inakatika.

"Sauti, madam! Unafundisha watoto au sisimizi?"

Watoto walicheka, na mimi nikapata mfano. Kesho yake niliwauliza, "Mratibu akisimama nyuma yangu, naongeaje?"

"Kidogo kidogooo!"

"Basi na a ni hivyo hivyo. R akisimama nyuma yake, haisemi kama ilivyozoea."

Walielewa kabisa, nami nikaona kazi hii naiweza. Shida ni kwamba saa ya uji mtoto mmoja alimfuata Mratibu akipiga kelele, "Mratibu, wewe ni r!" Nikaitwa ofisini.

"Mimi ni nini?"

"R," nikasema, maana sikujua kudanganya haraka.

Nilikuwa naishi kwa mama mdogo, na yeye ni mfanyabiashara wa mchele. Jumatatu anakwenda Chimala, Ijumaa anarudi, kwa hiyo katikati ya wiki nyumba ilikuwa yangu na redio. Shuleni, ofisi ya walimu ilikuwa na viti sita na kila kiti kilikuwa na mwenyewe. Siku ya kwanza nilikalia kimoja, nikaambiwa kwa upole, "Hapo ni pa Madam wa Hesabu." Sikurudi tena. Chai yangu nikawa nainywea darasani.

Huko ndiko nilikompata Tusekile. Alikuwa na miaka sita, anaishi na bibi yake anayeuza mchicha. Wenzake wakitoka kucheza, yeye alibaki na andazi lake, akisogea dawati moja kila siku mpaka akafika mezani kwangu.

"Ticha, na wewe kule hawakutaki?" aliniuliza, akionyesha ofisi ya walimu kwa andazi.

"Wananitaka. Nimechoka tu."

"Na mimi nimechoka tu."

Kuna wiki ambazo hayo ndiyo mazungumzo pekee niliyofanya na mtu ana kwa ana.

Sasa nifike kwenye zana, yaani vifaa vya kufundishia. Shule haikuwa na kadi za maneno. Niliomba maboksi ya sabuni dukani, nikayakata kwa kisu cha jikoni, nikaandika kwa kalamu nene. Hakuna mbili zilizolingana. Ya "car" niliimwagia chai. Ya "bird" panya aliing'ata kona. Ya "fork" ilibaki na mstari wa bluu wa boksi, na ya "her" ilikuwa fupi kwa sababu boksi liliishia hapo. Niliona fahari. Kila kadi ilikuwa na sura yake.

Watoto walizishika upesi kuliko nilivyotegemea, na Tuse aliwashinda wote. Nilikuwa sijamaliza kuinua kadi, ameshataja. Mwalimu Mkuu alipita siku moja akasikia, akasema, "Kumbe kimya chako kina kazi." Nililiandika neno hilo kwenye daftari na kulipigia mstari mara mbili. Nikamteua Tuse asome mbele ya wazazi. Nilijiambia kuwa nampa nafasi. Ukweli ni kwamba nilitaka mtoto mkimya kama mimi asimame mbele ya watu, na watu wanyamaze.

Siku ya wazazi palifungwa turubai, vikapangwa viti vya plastiki. Bibi yake Tuse alikaa mstari wa pili, amevaa kitenge kipya. Dakika za mwisho Mratibu akaja na kadi mpya kutoka steshenari, nyeupe, kubwa, zote sawa kama tofali.

"Hizo za maboksi zitatuaibisha, madam," alisema, na kuziweka zangu chini ya meza.

Tuse akapanda jukwaani na fimbo yake ya kuonyeshea. Kadi ya kwanza ilikuwa "car". Aliitazama. Akainamisha kichwa kuangalia kona yake ya chini. Akazunguka kuangalia nyuma. Kisha akanitafuta kwa macho kwenye mstari wa walimu, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Ticha, hii haina chai."

Watu wakacheka. Mratibu akainua ya pili haraka, "bird".

"Na hii haijang'atwa."

Kicheko kikazidi. Mzee mmoja alifuta machozi. Mimi palepale nilielewa kila kitu. Miezi yote ile hakuna mtoto aliyekuwa amesoma neno. Walizijua kadi zangu kama mtu anavyowajua ng'ombe wake, huyu kwa pembe, yule kwa doa. Niliwaangalia wengine waliokuwa wakisubiri zamu. Wote walikuwa wamefumba midomo.

Mwalimu Mkuu alichukua kipaza sauti, akatabasamu. "Huyu bado ni mzito kidogo. Tutamrudisha bebi klasi apate msingi. Tuendelee na ngoma."

Bibi alisimama, akakaza kitenge chake, akaja kumshika mtoto mkono. Ilihitajika sentensi moja tu: kosa ni langu, kadi zangu ndizo mbovu. Nilikuwa nayo mdomoni. Mratibu alikuwa ameshashuka jukwaani, amesimama nyuma yangu. Sikuisema.

Jumatatu nilimwona Tuse kwenye mkeka wa bebi klasi, magoti yake yamezidi ya wenzake wote. Saa ya chai hakuja. Jumanne hakuja. Alhamisi nikaandika barua ya kuacha kazi, nikataja sababu za kifamilia, nikarudi kwetu Kalenga, Iringa.

Kituo changu cha pili kilikuwa chekechea ya usharika mjini Iringa. Msimamizi alikuwa mwalimu mstaafu ambaye wote tulimwita Mwalimu Mlezi. Nilimwamkia shikamoo, yeye akanijibu "Kamwene", akataka nami nijibu kwa Kihehe kabla hajaniruhusu kukaa. Kisha akasema, "Nionyeshe zana zako."

Nikatandaza mezani kadi zangu za maboksi, nilizoondoka nazo Ilomba. Alivua miwani, akarudi nyuma hatua tano.

"Sasa hivi sioni herufi hata moja," alisema. "Lakini hiyo ni ya chai. Hiyo ya panya. Hiyo ya bluu. Ulifundisha maboksi, mwanangu."

Yeye hakutumia kadi kabisa. Alikuwa na masinia ya bati yenye mchanga uliochekechwa. Mtoto anaandika neno kwa kidole, analisoma, anatikisa sinia, neno linapotea. Anaandika tena. "Likishafutika ndipo utajua kama limeingia," alisema. Ar ilifundishwa siku yake, or siku yake. Er, ir na ur ziliitwa mapacha watatu, nguo tofauti, sauti moja. Ilikuwa kazi ya polepole. Mwezi mzima ulikwisha na watoto wana maneno machache tu, lakini hayo machache ungeweza kuyaandika ukutani, ardhini au kwenye vumbi la gari, wakayasoma.

Siku moja tukichekecha mchanga aliniuliza, "Na wale wa Mbeya?"

Nikamweleza. Mara ya kwanza kumweleza mtu. Hakuacha kuchekecha.

"Nani anajua kuwa kosa si la mtoto?"

"Mimi. Na Mungu."

"Mungu hatapanda basi kwenda Ilomba kukusemea."

Nilisema nitakwenda. Sikwenda. Nilisubiri wiki kwa wiki, nikijiambia kwamba labda Tuse ameshasahau. Mwezi wa sita majina ya kidato cha tano yakatoka, nikapangiwa shule ya bweni mkoani Mbeya. Kuagwa kwangu kulikuwa kikombe cha uji, na Mwalimu Mlezi akinitazama mpaka nikaangalia chini. "Utapita Ilomba," alisema. Halikuwa swali.

Kwenye basi nilifanya mazoezi ya sentensi yangu. Kufika Chimala nilikuwa nimeisema mara nyingi hata abiria wa pembeni akahama kiti.

Nilimkuta Bibi uani, amejitanda blanketi, anafunga mchicha mafungu mafungu. Shule ilikuwa imefungwa. Tuse aliponiona aliingia ndani, akabaki nyuma ya mlango, vidole vya miguu vinaonekana.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ticha wa Tuse! Mbona umekonda hivyo?"

Nikaisema kabla hajaniletea kigoda. Nilimwambia Tuse si mzito. Nilimwambia kadi zangu zilikuwa na madoa, mtoto akashika madoa kwa sababu mimi ndimi niliyempa madoa, na kwamba siku ile nilijua nikanyamaza.

Bibi aliendelea kufunga fungu alilokuwa nalo mpaka likaisha.

"Mimi sijui kusoma hata jina langu," alisema. "Siku ile nikasema basi, amenirithi. Tulivyofika hapa analia, nikamwambia usilie mwanangu, huu uzito ni wa kwetu."

"Hajarithi kitu, Bibi. Ni mimi."

"Alikuwa anagoma kwenda shule. Kila asubuhi tunavutana hapo mlangoni. Ungesema siku ile."

"Ndiyo, Bibi."

Hakuniambia si neno, wala sikutegemea aniambie. Niliomba sinia. Nikachota mchanga pale uani, nikausawazisha, nikaandika "car". Tuse alitoka nyuma ya mlango, akachuchumaa mbali kidogo. Macho yake yalizunguka ukingo wa sinia lote, yakitafuta.

"Hakuna doa," nilimwambia. "Angalia herufi tu. Nani amesimama nyuma ya a?"

Akasogea karibu kidogo. "Mratibu."

"Kwa hiyo a inasemaje?"

Akaisoma. Nikatikisa sinia, nikaandika "fork", akaisoma. "Bird" ilimshinda mara mbili. Mara ya tatu aliandika mwenyewe kwa kidole, akaitazama kama mtu anayemtambua jirani aliyenyoa ndevu, akaisoma. Bibi aliacha mchicha. Aliinama, akaligeuza sinia huku na huku, akapitisha kidole kwenye ukingo.

"Kweli hakuna alama?"

"Hakuna, Bibi," Tuse alimjibu. "Hebu na wewe kaa hapa."

Nilimwandikia Mwalimu Mkuu barua. Nilimsomea Bibi yote, neno kwa neno, kisha nikamwachia aipeleke shule ikifunguliwa. Sijui ilipokelewaje. Huku bwenini simu haziruhusiwi, na mimi si mtu wa kupokea barua. Nilipoinuka kuondoka, wawili wale walikuwa wameinamia sinia, wanabishana kuhusu kidole kianzie wapi. Nilisema kwaherini. Nadhani hawakusikia, ama niliisema kwa ile sauti yangu ya sisimizi.

Ninalowaachia mtakaopokea kazi hii ni dogo. Kateni kadi zenu zilingane. Na ukikosea, sema siku ileile, watu wakiwa bado wamekaa kwenye viti.