Bibi na Bwana

Karani anayeita majina kwenye mahakama yetu hapa Alabama hulamba kidole kwanza, akafunua faili, kisha akapaza sauti yake ya kwaya. Hamwiti mtu bila “Bibi” au “Bwana”, hata yule mlevi tunayemjua sote. Jana alimwita dada yake mkubwa, aliyefuata hati ya shamba: “Bibi Ozella Tarpley!”

Dada akaangua kicheko. “We naye! Tumelala kitanda kimoja, leo nimekuwa Bibi?”

“Mama alisimama hapo hapo, ana miaka sitini, makarani Wazungu wakamwita ‘wewe msichana’. Tukaandamana, tukalala rumande, ili sisi weusi tuitwe hivi. Basi itika, dada.”

Ozella akaiweka sawa kofia yake.

“Hebu niite tena,” akasema. “Taratibu.”