Mkono Kwenye Mlango wa Jikoni

Mama mkwe wangu alitujia kutoka Mokambo mwaka jana, wakati wa baridi, kwa ajili ya macho. Jicho moja lilikuwa limekwisha pasuliwa na kufungwa bandeji, la pili, lenye ukungu, lilikuwa likisubiri zamu. Mume wangu ni dereva wa lori na mara nyingi yuko njiani, kwa hiyo mama alibaki nami na watoto katika nyumba yetu ya mtaa wa Annexe, ndani ya lupango, ua tunaokaa pamoja na majirani wa nyumba mbili. Hakunisumbua. Alichambua matembele kwa kupapasa na kuwasha mbabula, jiko letu la makaa, kabla sijaamka. Makaa alikuwa akiyatambua kwa vidole.

Mimi ni fundi wa kushona. Mchana kutwa niko kwenye cherehani. Usiku, wote wakilala, nilikuwa na starehe yangu: kusoma hadithi za kutisha kwenye simu. Kuna kikundi cha wanawake tunaotumiana, sehemu baada ya sehemu. Nilizisoma chini ya blanketi, mwanga nimeupunguza, na sikumwambia mtu, kwa sababu kanisani mimi ni mmoja wa akina mama wanaowafundisha watoto wasiogope giza.

Usiku ule umeme ulikuwa umekatika. Nilikuwa nikisoma juu ya mwanamke aliyezikwa na kitambaa cheupe usoni, ambaye hupita nyumba kwa nyumba akitafuta mlango usiofungwa. Nilipofika hapo niliona afadhali nikahakikishe mlango wa jikoni. Nilikuta komeo liko wazi, na nilikumbuka vizuri kwamba nililifunga mwenyewe. Mtu mwenye utulivu angejiuliza ni nani katoka. Mimi nililisukuma komeo likafunga, nikabaki nimelishikilia.

Ndipo nikasikia kiganja kikiteleza ukutani kwa nje. Kilikuja polepole mpaka mlangoni, vidole vikaanza kupapasa mbao, juu, chini, vikitafuta mahali pa kushika. Nilichungulia dirishani nikimulika na simu. Nikaona kichwa kilichofunikwa, na katikati ya uso kitambaa cheupe.

Nikapiga kelele: "Mulozi! Mulozi iko ku mulango!"

Kwetu neno hilo, mchawi, si la mchezo. Kuna wazee waliofukuzwa nyumbani kwao kwa sababu yake, na wengine walipigwa. Milango ya majirani ilifunguka papo hapo. Baba wa nyumba ya jirani alitoka na mpini wa jembe, na nyuma yake wanawe wawili, watu wazima, wakiwa na fimbo. Niliona mpini ukiinuliwa. Nikasikia sauti ndogo, ya mtu asiyejua fimbo zitatoka upande gani:

"Ni miye, batoto bangu. Nilienda ku choo."

Mpini ulishuka. Nilifungua mlango nikamkuta mama ameshikilia ukuta, kitenge kichwani kwa sababu ya baridi, bandeji nyeupe jichoni, miguu imelowa umande. Alitoka kimya asituamshe. Jirani akauliza ni nani aliyesema mulozi. Mama ndiye aliyejibu kwamba nilikuwa nimeota ndoto mbaya, wanisamehe, warudi kulala. Nami nikaitikia kwamba ndiyo, niliota.

Uongo huo ulimgharimu yeye. Siku zilizofuata wanawake wa lupango walimsalimu kwa mbali, na mmoja alimwita mtoto wake aliyekuwa amekaa karibu na mama, akamwingiza ndani. Wengi kwetu huamini kwamba ndoto humfichua mchawi. Mama hakulalamika, ila aliacha kukaa uani, akawa anachambua mboga ndani, kwenye kigoda karibu na kitanda chake. Nilimwona hivyo kutwa nzima nikiwa kwenye cherehani, nikakosea kukata nguo ya mteja.

Jioni nikaenda kwa jirani na simu yangu mkononi. Mbele ya mke wake na wanawe nilieleza kila kitu, nikawaonyesha hadithi yenyewe. Vijana walicheka. Mke wake hakucheka. Aliniuliza kama mama mwenyewe anajua. Sikuwa nimemwambia.

Nilimwambia usiku huo, nikiwa namsafisha jicho. Uso alikuwa ameuinua kwangu kwa sababu nilikuwa nimeushika.

"Ule mwanamuke wa mu hadisi," akasema mwishowe, "alikuwa anatafuta nini?"

"Pa kuingia, mama."

"Basi ni kama miye," akasema, na akaniomba nikaze bandeji kidogo.

Hakumwambia mwanawe. Mume wangu alisikia kutoka kwangu, kwa simu, akakata bila kuniaga. Majirani walianza tena kumsalimu mama kwa karibu, na yule mtoto akarudi kukaa naye. Mimi nilijitoa kwenye kikundi. Kabla mwezi haujaisha niliomba wanirudishe, na hilo nalo sikumwambia mtu.

Mama alikaa nasi mpaka jicho la pili likapona. Akaweza kuona njia, ukuta na komeo. Hata hivyo, kila usiku alipoamka, alisimama kwanza kwenye mlango wa chumba chake, akakohoa, akasema gizani kwa sauti ya kuomba ruhusa: "Ni miye, mama. Naenda inje." Alisubiri nimwitikie ndipo atoke. Nilimwomba aache, nikamwambia hapa ni kwa mwanawe. Alikubali kwa kichwa, na usiku uliofuata akasimama tena pale pale, akakohoa.

Nilikuwa nikimwitikia kutoka chini ya blanketi, mwanga wa simu nimeupunguza.