Jinsi Nilivyoikadiria Nyumba ya Mama

Mimi ni fundi wa nguo sokoni Kebirigo, na tangu nianze kushona sijawahi kumrudisha mteja dukani akaongeze kitambaa. Ukiingia tu mlangoni najua utahitaji mita ngapi, na nikikupima kwa tepu naona nilijua. Watu husema najisifu. Ndiyo, najisifu. Kizuri chajiuza, lakini hata kizuri mara nyingine hutaka mtu wa kukisemea. Nayasema haya mapema ili usishangae nikikuambia kwamba nyumba ya mama yangu, kule Manga, imesimama leo kwa sababu niliipima mimi.

Aliijenga baba nikiwa bado shule ya msingi. Matofali tulifyatua wenyewe bondeni, tukayachoma, tukayapandisha mlimani vichwani. Baba alipofariki, mama alibaki na majani chai yake na migomba yake, na nyumba ikazeeka pamoja naye. Paa lilianza kuvuja chumbani, kisha sebuleni, hadi mama akawa na mabeseni yenye kazi maalum, na ole wako uchukue mojawapo ukafulie. Ukuta wa upande wa jikoni ulipata ufa ambao mkono wangu ungeingia.

Ndugu yangu mdogo, aliyekuwa akifanya kazi Nakuru, alikuja siku moja na fundi mjenzi. Fundi aliizunguka nyumba mara moja, mikono mgongoni. Akala ugali na kuku, maana kwetu fundi hakadirii akiwa na njaa, akanawa, kisha akataja kiasi cha kumfanya mtu asahau njia ya kwao.

"Hii paa inatoka yote," alisema. "Mbao imeoza, ukuta nayo imechoka. Afadhali mbomoe mjenge ingine."

Ndugu yangu aliitikia haraka mno, na hapo nikaelewa kwamba alikuwa ameshazungumza na watu wa benki. Benki ingetoa pesa za nyumba mpya, ila ilitaka hati ya shamba iwe dhamana. Shamba lenyewe ni hayo majani chai, hiyo migomba na kaburi la baba. Hakuna lingine.

Mama alikusanya vyombo. Baadaye nikamfuata jikoni, akaniambia kwamba yeye haogopi kuvujiwa. Anachoogopa ni hiyo hati kutoka kwenye sanduku lake. Paa likivuja unaweka beseni, alisema, shamba likienda utaweka nini?

Nilimwomba ndugu yangu anipe wiki mbili nifanye makadirio yangu. Alicheka, kisha akaniambia kwa upole kwamba mimi nimeolewa Birongo, nina mji wangu, na mambo ya hapa niwaachie wenyewe. Ndivyo tulivyolelewa: binti akishaolewa hurudi kwao kama mgeni, anakaribishwa chai, hakaribishwi kutoa neno. Nilikasirika hata masikio yakapata moto. Nilimjibu kwamba wahenga hawakuwa wajinga waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, nikamuuliza wiki mbili zitamwua? Akanipa.

Mtu akiniletea koti kuukuu, simwambii anunue lingine. Naligeuza nje ndani, nafumua bitana, naona ni mshono gani ulioachia. Yule fundi alikuwa amelitajia koti bei bila kuligeuza. Mabati aliyahesabu akiwa chini, na mbao hakuziona hata moja, kwa kuwa zilikuwa nyuma ya dari. Nadhani alichokadiria hasa ni viatu vya ndugu yangu.

Nikamwita tena, na nikamwambia aje na ngazi. Ngazi akaleta, lakini kupanda akakataa. Goti lilimsumbua, alisema, na mabati yalikuwa yanateleza kwa umande. Ndugu yangu alikuwa amesharudi Nakuru. Tulibaki uani watu watatu: fundi, mama na mimi.

Sasa, kwetu mwanamke hapandi paa. Hubeba maji ya udongo, hubeba mawe, huwapikia wajenzi, lakini juu ni kwa wanaume. Baba alipokuwa akiezeka, mimi ndiye niliyempa mabati kutoka chini, mikono imenyooka mpaka ikaniuma, huku ndugu yangu, ambaye hata pua alikuwa hajui kujifuta, amepandishwa juu ashike misumari. Na hili si paa lolote, ni la marehemu baba yangu. Nilivaa suruali ndani ya rinda na kushika ngazi. Fundi akaniambia nisithubutu, watu watasema.

Mama alikuja akaishika ngazi kwa mikono yote miwili.

"Ni mimi nimesema apande," alimwambia. "Wakiwa na neno, waniletee mimi."

Nilipanda. Kule barabarani mwanamke aliyebeba majani chai alisimama akashika kiuno kunitazama. Fundi alinielekeza kutoka chini jinsi ya kung'oa misumari, nikafungua bati moja, kisha jingine, nikaingiza kichwa ndani. Mbao zilikuwa nyeusi. Nikakumbuka kwamba baba alikuwa amezipaka zote oili chafu ya magari, moja moja, kabla ya kuzipandisha, na sisi watoto tukimcheka kwa kunuka kama gereji. Nilichukua msumari wa inchi sita nikaanza kuchoma kila ubao. Mbao iliyooza humeza msumari. Iliyo nzima huukataa. Upande wa jikoni, ambako maji yalikuwa yakiingia miaka yote, msumari ulizama. Na pale barazani ulizama. Kwingine kote ulikataa, na nilisukuma kwa nguvu zangu zote, mkono huu wa kukata jinzi. Zilizooza nikazitia alama kwa chaki yangu ya cherehani. Kabla ya kushuka nililia kidogo, wala si kwa huzuni. Nilijivunia yule mzee.

Niliposhuka nilimwonyesha fundi ule ukuta wenye ufa, nikamwambia achimbe pembeni yake. Mawe ya msingi wa nyumba kubwa niliyabeba mimi, nayajua. Chumba cha upande ule kiliongezwa baadaye, mwaka ambao baba hakuwa na kitu, na sikumbuki kubeba jiwe hata moja. Fundi alichimba, akakuta msingi umeishia kina cha jembe. Alicheka na kumwambia mama, "Huyu msichana wako ameniangusha." Nitampa haki yake: tangu saa hiyo alikadiria kama fundi, akataja mifuko ya simiti, mbao na siku za kazi, na hakuongeza chumvi.

Wiki iliyofuata nilizunguka maduka ya vifaa vya ujenzi, Kebirigo na Kisii mjini, nikiuliza bei ya kila kitu mahali patatu, bila haya. Niliandika yote kwenye daftari. Juu ya jumla nikaongeza kiasi cha yale nisiyoyaona, kama ninavyoacha kitambaa kwenye pindo la nguo ya mtoto. Jumapili nikamsomea mama, nikisubiri sifa.

Mama aliuliza mafundi watakula nini. Kwetu fundi anakula kazini: uji saa nne, ugali mchana, chai kabla ya kwenda, kwa wiki tano, na mimi sikuwa nimeandika hata kilo moja ya sukari. Kisha akauliza mchanga utafikaje hapo, kwa kuwa lori halipandi kile kilima mvua ikinyesha. Litaumwaga barabarani, na boda boda zitaupandisha gunia kwa gunia, kila gunia na nauli yake. Basi mimi nisiyemrudisha mteja dukani nikarudishwa mimi, na mama aliyeacha shule darasa la nne.

Hata baada ya kuongeza hayo yote, jumla haikufika theluthi ya kiasi cha kwanza. Chama chetu cha akiba na mikopo kingeweza kunipa kwa hisa zangu na wadhamini wawili, na malipo yangetoka kwa bonasi ya majani chai ya mama na kwa cherehani yangu. Hakuna aliyeuliza hati. Nilimpigia ndugu yangu simu, akataka nimtumie picha za daftari. Alikaa nazo siku mbili. Siku ya tatu akasema atakuwa mdhamini wa kwanza.

Kazi ilichukua wiki sita badala ya tano, na ile ziada niliyoiacha ikatutosha mpaka rangi. Mvua kubwa ya kwanza iliponyesha nililala kwa mama makusudi, nikasikiliza bati likipigwa usiku kucha na tone lisiingie.

Mwaka uliofuata, kampuni aliyokuwa akifanyia kazi ndugu yangu iliwaachisha watu, na yeye akiwa miongoni mwao. Alikuja Manga na begi moja, nami nikapanda kutoka Kebirigo kumwona. Nilimkuta sebuleni kwa mama, viatu kavua, anatazama dari. Alituambia kwamba alikuwa amepiga hesabu njiani. Kama tungechukua ule mkopo wa benki, alisema, mwezi huo ndio asingeweza kulipa, na uliofuata, na uliofuata.

"Dada," akaniuliza, "saa hii tungekuwa tumeketi wapi?"

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyaweka akiba kwa ajili ya siku kama hiyo. Niliinuka nikamletea kikombe.

Mama ndiye aliyemjibu. "Kwa watu," alisema, akammiminia chai.